Kufundisha Aina za Umiliki wa Biashara: Tuanze na Hasara

Utangulizi

Ipo mada moja ambayo walimu wengi wa shule za msingi huipitia kwa haraka mno, nayo ni mada ya aina za umiliki wa biashara. Mwalimu huandika ubaoni majina manne: biashara ya mtu mmoja, ubia, kampuni na chama cha ushirika. Chini ya kila jina huorodhesha faida tatu na hasara tatu. Wanafunzi hunakili, hukariri, hujibu mtihani, kisha husahau. Hapana hata mmoja wao aliyeelewa kwa nini watu wawili wenye mtaji sawa na mashine za aina moja wafilisike siku moja, kisha mmoja auziwe nyumba kwa ajili ya deni na mwenzake abaki na nyumba yake.

Makala haya yanakusudia kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi waielewe mada hii wao wenyewe kwanza, halafu waone njia ya kuifikisha kwa watoto wa Darasa la Tano na la Sita. Shabaha yetu ni moja: kuonyesha kwamba kuchagua muundo wa kisheria wa biashara ni kuamua mapema hasara itamwangukia nani. Kwa sababu hiyo, somo hili hufundishika vema likianzia kwenye hasara. Maelezo ya sheria yaliyomo humu yanahusu Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina sheria zake katika mambo haya.

Uzito wa mada hii

Yatupasa tujiulize kwanza: mtoto wa miaka 11 ana haja gani ya kujua habari za ubia na kampuni? Jibu liko mtaani. Baada ya miaka michache baadhi ya watoto hao watafungua genge, watanunua pikipiki pamoja na ndugu zao, au watachangishana na jirani kununua mashine ya kusaga. Wengi wataanza kwa maneno ya mdomo tu, wakiaminiana, na hawatadhani kwamba wamechagua muundo wowote wa kisheria.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria haimngojei mtu achague. Anayefanya biashara peke yake bila kusajili kampuni, sheria humhesabu kuwa mwenye biashara binafsi. Watu wawili au zaidi wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida, sheria huwahesabu kuwa wabia, hata kama hawajapata kulisikia neno hilo na hawajaandika hata mstari mmoja. Kanuni za ubia zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nazo huwashika wabia wote katika kila jambo ambalo hawakupatana wenyewe. Kwa hiyo asiyechagua huwa amechaguliwa, na habari hizo hazimfikii mpaka siku ya deni.

Maswali manne ya kuanzia

Kabla ya kutaja jina la muundo wowote, mwalimu na awazoeze wanafunzi kuuliza maswali manne yafuatayo juu ya kila biashara:

1. Biashara ikishindwa kulipa deni, nani atalilipa, na kwa mali ipi?
2. Nani ana haki ya kuamua, na kura huhesabiwaje?
3. Faida hugawanywa kwa kipimo gani?
4. Mwenye biashara akifa au akijitoa, biashara inabaki au inakwisha?

Swali la kwanza ndilo kubwa kuliko mengine. Tunapendekeza lifundishwe kwa picha ya ukuta: je, kati ya mali ya biashara na mali ya nyumbani pana ukuta, au hapana? Mwanafunzi akiishika picha hiyo, yaliyobaki atayafuata bila taabu.

Mfano mmoja, miundo minne

Kosa la kawaida katika ufundishaji ni kutoa mfano tofauti kwa kila muundo: duka kwa mtu mmoja, karakana kwa ubia, kiwanda kwa kampuni. Mwanafunzi hulinganisha duka na kiwanda, na muundo wenyewe haulinganishi. Afadhali tuishike biashara ile ile moja, tuipitishe katika miundo yote minne, na hasara iwe ile ile.

Tuchukue mashine ya kusaga nafaka kijijini. Mtaji wa kuanzia ni shilingi 6,000,000. Baada ya miaka miwili mambo yanaharibika: mashine inavunjika, wateja wanahamia kwingine, na biashara inafungwa. Mali yote iliyobaki inauzwa na kupatikana shilingi 4,000,000. Lakini aliyewauzia mashine kwa mkopo na mwenye kituo cha mafuta wanadai jumla ya shilingi 7,000,000. Upungufu ni shilingi 3,000,000. Nani ataulipa?

(a) Biashara ya mtu mmoja

Tuseme mashine ilikuwa ya fundi mmoja, naye ndiye aliyetoa mtaji wote. Sheria haioni tofauti kati ya fundi na mashine yake. Deni la biashara ni deni lake, kama vile deni la ada ya mtoto wake lilivyo lake. Wadai waweza kwenda mahakamani na kudai shilingi 3,000,000 zilizobaki kutoka katika shamba lake, ng'ombe wake au nyumba yake. Jumla ya hasara yake ni mtaji wa shilingi 6,000,000 na nyongeza ya shilingi 3,000,000, yaani shilingi 9,000,000. Hapana ukuta.

Muundo huu una mazuri yake, na mwalimu asiyafiche. Ni mwepesi kuanzisha na mwepesi kufunga. Mwenyewe huamua peke yake asubuhi na kutenda mchana. Faida yote ni yake. Akitumia jina lisilo lake mwenyewe, hupaswa kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Lakini tuliseme waziwazi: kusajili jina la biashara hakujengi ukuta wowote. Cheti cha jina huueleza umma kwamba nyuma ya jina lile yupo fulani, basi.

(b) Ubia

Sasa tuseme mashine ni ya watu watatu. Fundi ametoa shilingi 2,000,000, mkulima ametoa 3,000,000, na mwalimu ametoa 1,000,000. Hawakuandikiana mkataba. Hasara ni ile ile ya shilingi 9,000,000, yaani mtaji wote uliopotea pamoja na upungufu wa 3,000,000.

Wanafunzi wengi watasema kila mmoja abebe hasara kwa kadiri ya mtaji wake. Sheria haisemi hivyo. Wabia wasipopatana vinginevyo, hugawana faida sawasawa na hasara sawasawa. Kwa hiyo kila mmoja sehemu yake ni shilingi 3,000,000. Mkulima alikwisha kupoteza 3,000,000 alizozitoa, haongezi kitu. Fundi alipoteza 2,000,000, anaongeza 1,000,000. Mwalimu, aliyetoa kidogo kuliko wote, anaongeza 2,000,000. Darasa lenye makini litashtuka hapa, na mshtuko huo ni mwalimu mzuri.

Laiti wangaliandika mkataba kwamba wagawane kwa uwiano wa mitaji, yaani 2:3:1, mgawanyo ungalikuwa mwingine: fundi 3,000,000, mkulima 4,500,000 na mwalimu 1,500,000. Tukiondoa mitaji waliyokwisha kuitoa, fundi angaliongeza 1,000,000, mkulima 1,500,000 na mwalimu 500,000. Ukurasa mmoja wa karatasi ungalibadilisha hatima ya watu watatu.

Lakini hesabu hiyo ni ya wabia wenyewe kwa wenyewe. Mdai aliye nje halazimiki kuifuata. Akiona fundi na mwalimu hawana kitu na mkulima ana ng'ombe, aweza kumdai mkulima upungufu wote wa 3,000,000, kisha mkulima ahangaike mwenyewe kuwadai wenzake. Isitoshe, kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara. Fundi akikopa mafuta kwa jina la mashine, amewakopea wote watatu, hata waliokuwa wamelala. Na mbia anayejitoa leo haachi nyuma madeni yaliyopatikana alipokuwamo, yatamfuata.

Hali kadhalika, mbia mmoja akifa, ubia huvunjika, isipokuwa kama walipatana kwamba wataendelea. Mjane na watoto hukuta hesabu zinapaswa kufungwa, na kama hapana daftari, hapana anayejua fungu la marehemu ni lipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ubia usemi huo una nguvu maradufu.

Kwa upande mwingine, ubia huunganisha mtaji wa mmoja, ujuzi wa mwingine na nguvu za watatu, pasipo gharama kubwa. Tunachosisitiza ni kwamba usifundishwe kamwe bila kufundisha mkataba wa ubia. Mkataba huo utaje angalau mambo sita: mtaji wa kila mmoja, mgawanyo wa faida na hasara, nani ana idhini ya kukopa na hadi kiasi gani, namna ya kufanya uamuzi, namna mbia anavyojitoa, na nini kifanyike mmoja wao akifa.

(c) Kampuni

Watu wale wale watatu sasa wanasajili kampuni. Mtaji wa shilingi 6,000,000 umegawanywa katika hisa 6,000 za shilingi 1,000 kila moja. Fundi ana hisa 2,000, mkulima 3,000, mwalimu 1,000, na zote zimelipwa. Biashara inafilisika. Wenye hisa wanapoteza shilingi 6,000,000 walizozitia, na hapo ndipo mwisho. Upungufu wa 3,000,000 ni hasara ya wadai. Ukuta upo, nao umesimama.

Sababu yake ni kwamba kampuni iliyosajiliwa ni mtu wa kisheria, mbali na wenye hisa. Yenyewe humiliki mashine, hudai, hudaiwa na hushtakiwa. Kanuni hii ilithibitishwa katika kesi mashuhuri ya Uingereza. Mwaka 1892 mtengenezaji wa viatu wa London, Aron Salomon, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Wakati ule sheria ilitaka wanachama saba. Kati ya hisa 20,007, yeye alikuwa na 20,001; mkewe na watoto wake watano walikuwa na hisa moja moja. Haukupita muda mrefu kampuni ikafilisika, na mfilisi akadai kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja, hivyo alipe madeni yote. Mahakama za chini zilikubaliana na dai hilo. Lakini mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni ikisajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja. Sheria yetu ya zamani ya makampuni, Sura ya 212, ilijengwa juu ya msingi huo wa Kiingereza, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, imeuendeleza.

Kesi hiyo ina upande wa pili ambao mwalimu asiusahau. Wadai wa kawaida wa kampuni ya Salomon hawakupata kitu. Hasara haipotei hewani. Ukuta unapomkinga mwenye hisa, humwacha mdai nje kwenye mvua. Ndiyo sababu sheria hutaka jina la kampuni ya namna hii limalizikie kwa neno Limited, ambalo kwenye vibao huandikwa kwa kifupi Ltd. Neno hilo ni tahadhari kwa anayekopesha: jihadhari, nyuma ya mlango huu hutawafikia wenyewe.

Ukuta wenyewe una mipaka yake. Kwanza, mwenye hisa asiyemaliza kulipia hisa zake hudaiwa salio. Kama mwalimu wetu alilipa 500,000 tu kati ya 1,000,000, mfilisi atamdai 500,000 zilizobaki. Pili, benki inayokopesha kampuni ndogo aghalabu hudai dhamana binafsi ya wakurugenzi. Anayetia sahihi dhamana hiyo amefungua tundu katika ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Tatu, mahakama yaweza kuubomoa ukuta ikithibitika kwamba kampuni ilitumiwa kwa udanganyifu.

Katika kuamua mambo, kura kwa kawaida hufuata hisa. Mkulima ana hisa 3,000 kati ya 6,000, yaani nusu kamili. Hawezi kupitisha jambo peke yake, kwani halijazidi nusu. Lakini wenzake wawili wakiungana hawawezi kumshinda. Hapa darasa litaona jinsi watu watatu wanavyoweza kukwama kwa sababu ya hesabu walizozipanga siku ya kwanza. Gawio nalo hufuata hisa. Mwenye hisa akifa, hisa zake huingia katika mirathi na kampuni huendelea.

Gharama za kampuni ni kubwa zaidi. Yapaswa kuwa na katiba, wakurugenzi na vitabu vya hesabu, kupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka, na kutozwa kodi kwa taratibu zilizo nzito kuliko zile za mfanyabiashara mdogo binafsi, ambaye aweza kukadiriwa kwa kufuata mauzo yake. Kampuni binafsi pia haina ruhusa ya kuuuzia umma hisa zake, na wanachama wake, bila kuhesabu wafanyakazi, hawazidi 50. Mtu mwenye kibanda cha chapati hana sababu ya kubeba mzigo huo.

(d) Chama cha ushirika

Mwishowe tuseme mashine ni ya wakulima 30 waliosajili chama cha ushirika, kila mmoja akiwa ametoa hisa ya shilingi 200,000, jumla 6,000,000. Chama kilichosajiliwa nacho ni mtu wa kisheria, na kwa kawaida mwanachama hupoteza hisa zake tu. Kila mmoja anapoteza 200,000. Ukuta upo, na hasara imetawanyika katika mabega 30.

Tofauti kubwa na kampuni iko katika swali la pili na la tatu. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kanuni hiyo inahusishwa sana na wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844. Na ziada ya mwaka, baada ya kutenga akiba, aghalabu hurudishwa kwa wanachama kwa kadiri walivyokitumia chama. Mathalan, kama ziada ya kugawa ni shilingi 900,000 na wanachama walisaga magunia 450, kila gunia hupata 2,000. Aliyesaga magunia 10 atapata 20,000.

Nchini mwetu ushirika una historia ndefu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925; baada ya sheria ya ushirika ya 1932, chama kikuu cha KNCU kikasajiliwa mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kisha sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudi. Leo vyama husimamiwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania. Udhaifu wa muundo huu ni kwamba uamuzi huchukua muda, na mwanachama asiyehudhuria mikutano huwaachia viongozi wachache mali ya watu wote.

Namna ya kuifundisha mada hii

Tunapendekeza vipindi vitatu. Zana ni rahisi: maboksi mawili ya karatasi, punje 100 za mahindi, na kipande cha ubao mwembamba.

Kipindi cha kwanza: ukuta. Andika BIASHARA kwenye boksi moja na NYUMBANI kwenye boksi la pili, uyaweke bega kwa bega, na utoboe pande zinazogusana. Punje moja iwe shilingi 100,000. Tia punje 40 katika boksi la BIASHARA na punje 50 katika la NYUMBANI. Mwanafunzi mmoja awe mdai wa punje 70. Katika biashara ya mtu mmoja, mdai huchukua 40, halafu mkono wake hupenya na kuchukua 30 za nyumbani. Kisha chomeka ubao kati ya maboksi, useme sasa ni kampuni. Mdai huchukua 40 na kugonga ubao. Muulize anajisikiaje. Jibu lake litaeleza kwa nini mkopeshaji hudai dhamana. Hapo toboa tundu ubaoni. Usitaje istilahi yoyote mpaka watoto wamekwisha kuliona jambo lenyewe.

Kipindi cha pili: hesabu. Wape wanafunzi mfano wa fundi, mkulima na mwalimu. Kwanza wakisie, kila mmoja aandike kisio lake daftarini. Kisha wakokotoe hasara kwa mgawanyo sawa na kwa uwiano wa 2:3:1. Hapa mwalimu anafundisha uwiano na ugawaji kwa jambo lenye maana, wala haibi muda wa hisabati. Wanafunzi wazito wapewe tarakimu ndogo: mitaji ya 20, 30 na 10.

Kipindi cha tatu: uchaguzi. Gawa darasa katika makundi. Kila kundi lipewe biashara moja: muuza maandazi, ndugu wawili wenye pikipiki ya kubebea abiria, wakulima 40 wanaotaka ghala la alizeti, watu wanne wanaotaka kununua lori kwa mkopo mkubwa. Kila kundi lijibu maswali manne, lichague muundo na kutetea uchaguzi wake. Mwalimu asitangaze jibu moja kuwa sahihi kwa kila biashara. Apime hoja. Anayesema muuza maandazi abaki peke yake kwa kuwa madeni yake ni madogo na gharama za kampuni zitamla faida, amejibu vema. Anayesema wenye lori wasajili kampuni kwa kuwa ajali moja yaweza kuwamaliza, amejibu vema pia, hasa akiongeza kwamba bima bado inahitajika na kwamba wasome kwa makini kabla ya kutia sahihi dhamana.

Mawazo potofu ya kusahihisha

Wazo la kwanza ni kwamba jina lililosajiliwa ni kampuni. Wanafunzi huona kibao chenye jina zuri na kudhani biashara hiyo ina ukuta. Waonyeshe kwamba jina la biashara na kampuni ni usajili wa aina mbili.

Wazo la pili ni kwamba ndugu hawahitaji mkataba. Waulize: ndugu wawili wakipatana leo, je, wake zao na watoto wao watapatana baada ya miaka 20? Mkataba huwalinda ndugu wasigombane juu ya jambo ambalo hapana anayelikumbuka sawasawa.

Wazo la tatu ni kwamba fedha za kampuni ni za mwenye hisa nyingi. Kwa kuwa kampuni ni mtu mwingine, anayechota sandukuni bila utaratibu anachukua mali isiyo yake, hata kama ana hisa 9 kati ya 10. Ukuta unaomkinga kwa upande mmoja humzuia kwa upande wa pili.

Wazo la nne ni kwamba kikundi chochote chenye katiba na mwenyekiti ni ushirika. Kikundi kisichosajiliwa chini ya sheria yoyote si mtu wa kisheria. Hakiwezi kumiliki kiwanja kwa jina lake, na mara nyingi mali yake huandikwa kwa jina la mtu mmoja, ambaye akifa, mali hiyo huchanganyika na mirathi yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba mashine moja, mtaji mmoja na hasara moja vilitoa majibu manne yaliyo mbalimbali. Fundi aliye peke yake alipoteza shilingi 9,000,000. Mbia aliyetoa kidogo kuliko wote aliongeza kuliko wote. Mwenye hisa alipoteza alichotia. Mwanaushirika alipoteza 200,000. Hapana muundo ulio bora kwa kila mtu. Upo muundo unaofaa ukubwa wa deni, idadi ya watu na kiasi cha kuaminiana kwao.

Mwanachuo anayetaka kuifundisha mada hii na aifanye hesabu ya mashine kwa mkono wake kwanza, bila kutazama majibu. Kisha atafute katika mtaa wake biashara tatu, aulize kwa adabu zimesajiliwa vipi, na azijibu mwenyewe kwa maswali manne. Atakapoingia darasani na maboksi yake mawili, atakuwa na jambo la kusema kwa watoto ambao, muda si mrefu, watatia sahihi karatasi za kweli.